Refa Mmoja, Vikapu Viwili

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kwamba yule refa wa mpira wa kikapu niliyekuwa nikinywa naye chai Adams Arcade amefariki. Wanasema ni presha. Sawa, iwe presha, lakini mimi nina hasira, na wewe msomaji wangu utanivumilia leo. Mtu huyo amekufa akiwa amefungiwa kuchezesha mechi kwa uzembe, na uzembe haukuwa wake.

Mimi mchezo huo sikuujua; yeye ndiye aliyenifungua macho. "Wewe unaangalia mpira tu, kama watu wote," alinicheka. Marefa huwa wawili, akaeleza, na kiwanja wamegawana. Mmoja hutangulia akasimama karibu na kikapu kinachoshambuliwa. Kazi yake ni kutazama viwiko na kusukumana, na kumhesabia sekunde mshambuliaji anayeng'ang'ania pale chini. Mwenzake hubaki nyuma na mwenye mpira, akipunga mkono kila sekunde ili wote waone kwamba muda wa kuuvusha katikati unayoyoma. Mpira ukigeuka, nao hubadilishana kazi mbiombio. "Ukiniona nauchungulia mpira ulio kwa mwenzangu, nitukane," aliniambia. "Tukiutazama sote, mtu ataumizwa na hakuna atakayejua."

Na mtu aliumizwa. Siku hiyo, kwenye kiwanja kimoja katikati ya jiji, wakubwa wa chama chake walimpeleka peke yake. Alipobisha, mwenyekiti akambembeleza: "Wewe ni mzoefu bwana, chezesha tu." Timu zilikuwa zimeshavaa jezi, akakubali. Alikuwa nyuma, anapunga mkono, anahesabu, mchezaji mmoja alipopigwa kiwiko cha mdomo kule chini ya kikapu. Alipotazama aliona damu, kiwiko hakukiona, na akakataa kumbahatishia mtu kosa. "Ref amekula!" umati ukapiga kelele, eti amehongwa. Wiki haikuisha, walewale waliomnyima mwenzake wakamfungia. Hawana haya! Akakaa nyumbani Mountain View, na kila tulipokutana aliniuliza jambo moja tu: "Sasa hawa watanisafisha lini?"

Na ndivyo tunavyoishi. Muuguzi anaachiwa wodi nzima, mlinzi kule Kitisuru anaachiwa lango la mbele na ukuta wa nyuma, halafu mambo yakiharibika tunamrukia yeye. Aliyempunguzia mwenzake hatumuulizi kitu. Tunamsifu eti anajua kubana matumizi.

Jana kwenye matanga, mwenyekiti yuleyule alisimama na tai yake, akaanza kumwita marehemu nguzo ya mchezo. Mjane akamkatiza.

"Bwana mwenyekiti, mzee wangu alingoja mseme hakukosa. Umekuja kusema hivyo?"

Mwenyekiti akakohoa, akasema hilo ni jambo la kamati.

"Basi keti, tuendelee na maombi."

Akaketi. Nanyi mnaogawa kazi za watu, sikieni: ukimnyima mtu mwenzake, kosa litakalotokea mahali asipoweza kutazama ni lako. Likiri angali hai akusikie. Akishakufa, sifa zako kaa nazo.