Mkufu Ulioletwa Badala ya Mbuzi

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, damu hunichemka, na uzee huu haujaipoza. Ni siku Mutinda alipokuja kwetu Tawa kumchumbia dada yangu Mbula. Alikuja na wazee wake wawili na kisanduku cha bluu, bila mbuzi hata mmoja.

Wewe umekulia mjini, lakini hili unalijua: kwetu Ukambani mbuzi wa ntheo ndio ndoa. Wanachinjwa, pande zote mbili zinakula, na kuanzia hapo msichana ni mke wa watu. Harusi ya kanisa ni baraka, na mimi kwaya nimeiimba mpaka sauti ikaisha, lakini bila ntheo mzee yeyote wa boma anaweza kukuambia hakujui.

Mutinda akafungua kisanduku. Ndani mlikuwa na mkufu aliosema ni wa dhahabu, na jina la duka kubwa la Ulaya limeandikwa kwenye kitambaa. Akatueleza kwamba wake wa mawaziri ndio wanaovaa ule, na kwamba mbuzi ni mambo ya kale. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yule kijana aliutembeza mkufu wake mpaka chai ikapoa. Baba yangu, mkulima aliyejua mahindi na maharagwe, akaushika kwa vidole viwili kama yai, akatabasamu.

Nyanya yangu, susu wetu, mama yake Baba, ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti.

"Mutinda, ungetuletea mbuzi kiwete, kila mtu hapa angemjua, hata hawa watoto. Umetuletea kitu ambacho hapa hakuna anayekijua. Kwa nini?"

Kijana akacheka. Wazee wake wakaangalia viatu vyao. Baba akamwambia mama yake asimwaibishe mbele ya wageni, akaupokea mkufu.

Mbula aliuvaa kwenda kanisani. Jua la kwetu halina adabu. Jasho likamtoka, na kufikia jioni shingo ilikuwa na mstari wa kijani na vipele. Tukaupeleka kwa sonara mmoja mjini Kitui. Akausugua kwenye jiwe lake, akadondosha tindikali, na ile alama ya dhahabu iliyobaki jiweni ikayeyuka tukiangalia. Ilikuwa shaba tupu iliyopakwa rangi.

Hapo ndipo Baba angesimama akadai mbuzi. Hakudai! Aliona aibu kijiji kisikie kwamba alidanganywa, akatuamuru tunyamaze. Mbula akaenda kwa Mutinda, Matiliku, akazaa, akalima shamba la mumewe mpaka viganja vikakakamaa. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Mutinda alipokufa, ndugu zake waliuliza matangani, mbele ya watu wote, ntheo ya huyu mama ililiwa wapi na ni nani aliyeionja. Dada yangu aliketi nyuma na majirani, mume wake akizikwa. Hata udongo hakuruhusiwa kutia. Na kabla mahindi hayajakomaa walikuwa wamemfukuza kwenye shamba alilolipalilia yeye.

Nina hasira, mwanangu, na sitaomba radhi. Nina hasira na Mutinda. Nina hasira na marehemu baba yangu, Mungu anisamehe. Na jana uliponitumia kwa simu picha ya saa na bangili ambazo huyo mchumba wako anasema zitasimama badala ya ntheo, nilikasirika na wewe pia. Usinijibu kwa ile methali ya ving'aavyo, hiyo hata kasuku anaijua.

Sikia basi. Dhahabu ni nzito kuliko inavyoonekana. Ikiwa nyepesi mkononi, shuku. Sumaku ikiivuta, rudisha. Isipoivuta usishangilie bado, maana hata shaba haivutwi. Chapa hughushiwa, na sanduku na risiti siku hizi vinachapishwa vichochoroni. Nenda kwa sonara uliyemchagua wewe, si anayekuonyesha yeye, na huyo kijana awepo akiona. Mwenye mali ya kweli haogopi ipimwe. Akianza kununa kwamba humwamini, umeshapata jibu, hata tindikali haijafunguliwa.

Na hata ikiwa dhahabu halisi, ivae, upendeze, lakini isikae mahali pa mbuzi. Anayekuoa kwa haki huleta kitu ambacho watu wako wanaweza kukikagua kwa macho yao wenyewe. Ukigundua umedanganywa, sema siku hiyo hiyo mbele ya wazee, aibu ikuume ikuishe. Ile unayoimeza ndiyo watoto wako watakayokuja kuitapika.

Mungu akupe macho makali na mdomo usioogopa wageni. Akupe mume ambaye ukoo wake wote umeonja nyama ya ntheo yako. Na siku ya msiba, kwa kuwa hakuna nyumba isiyofikwa, usiwepo mtu wa kukuinua kwenye kiti cha mbele.