Siku Mama Alipofudikiza Mitungi

Juzi nilishuka Mkula kikazi nikitokea Bariadi, nikapata saa nzima ya kuwasubiri wenzangu. Miguu ikanipeleka yenyewe hadi pale palipokuwa kwetu. Rafiki yangu, pamebadilika kabisa. Pana duka la vifaa vya ujenzi, na uwanja wetu wote umemwagiwa kokoto. Nikasimama hapo, kitambulisho cha kazi shingoni, kifua kimejaa fahari, hadi muuza duka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimefika.

Hapo ndipo mama yangu alipokuwa akipika pombe ya mtama. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo pombe ndiyo iliyotulisha sisi watoto watatu na kutupeleka shule. Kazi yake naijua kwa mikono yangu: kuloweka mtama, kuanika kimea juani na kuwafukuza kuku, kuchota maji ndoo kwa ndoo, kukoroga huku moshi unanitoa machozi. Nilikwenda shule nikinuka chachu. Alasiri uwanja ulijaa wanaume na vigoda, kila anayeingia akimsalimu mama kwa Kisukuma, “Mwadila, mayu!” yaani umeshindaje, mama, naye akiitikia bila kuinua macho kutoka kwenye kata ya kuchotea. Bibi, mama yake baba, alikaa mlangoni kwake, na kabla hajanywa alimwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya wazee waliotangulia. Mama alikuwa mtu wa kanisa, bibi hakuwa. Waliishi hivyo hivyo na waliheshimiana.

Nilipofika darasa la sita, mwalimu wetu wa hesabu akawa mteja wa asubuhi. Kipindi chake kilipofika tulikaa tukitazama ubao mtupu. Siku moja mwenzetu mmoja akasema kwa sauti, huku akininyooshea kidole, “Mtumeni huyu akamwite, si yuko kwao?” Darasa zima likaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nikamkuta mwalimu amelala kwenye mkeka wetu wa kimea, chaki zikiwa mfukoni mwa shati. Nikamweleza mama yale maneno ya darasani. Jioni hiyo hakula.

Kesho yake alinichukua tukaenda kwa katekista.

“Acha kupika pombe, mama,” katekista akamwambia. “Unajua mwenyewe si jambo jema.”

“Hilo nalijua,” mama akasema. “Nimekuja tumwulize Mungu jambo jingine. Nikiacha, hawa watoto watakula nini?”

Nilimpenda mzee yule kwa kuwa hakujifanya anajua. Alisema tu, “Basi tumwulize,” wakapiga magoti.

Kwa siku saba mama hakupika pombe. Kila alfajiri alipanda kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba, na chakula hakukigusa mpaka mchana. Alfajiri moja nilimfuata. Nikamsikia anazungumza na Mungu kwa Kisukuma, taratibu, kama anayezungumza na kaka yake mkubwa. Alimtajia tulivyokuwa navyo: shamba la viazi, majembe mawili, mbuzi, mkwe mzee, watoto watatu. Kisha akasema, “Ni hivyo tu. Nionyeshe.”

Siku ya nane tuliamka tukaikuta mitungi yote imepangwa ukutani, imefudikizwa, midomo chini. Mama alikuwa shambani anachimba viazi vitamu. Aliamua kutengeneza michembe, vile viazi vya kukatwa na kukaushwa juani, achemshe na karanga, akawauzie wasafiri na wachuuzi wa samaki kule mjini Lamadi.

Bibi alitoka mlangoni kwake kwa hasira. “Na wazee wetu watakunywa wapi?”

Mama alipiga goti mbele yake. “Mama, hao wazee waliniachia wewe nikutunze. Nitakutunza.”

Bibi alikaa siku mbili bila kusema na mtu. Siku ya tatu akachukua kisu, akaketi kando ya lundo la viazi, akaanza kumenya. Imani yake hakuibadilisha, ila tangu siku hiyo aliwamwagia wazee wake maji.

Mwalimu naye alikuja na baiskeli yake, akaitazama mitungi.

“Mayu, umefanya nini?”

“Nimeacha, mwalimu. Na wanafunzi wako wanakusubiri.”

Aliondoka akigomba, akahamia kunywa kwenye kaya nyingine ambako bado walipika. Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Miezi ile tulikula ugali na mlenda mpaka tukauchoka, na jioni nyingine ulikuwa uji mtupu. Wateja wa zamani walimcheka mama njiani. Yeye aliweka ndoo kichwani akaenda Lamadi, akarudi na miguu imejaa vumbi, kesho akaenda tena. Wasafiri wakamzoea, wakaanza kumwulizia.

Muhula uliofuata mwalimu aliingia darasani amenyoa ndevu. Aliandika hesabu ubaoni, nasi tukafungua madaftari. Hakukosa kipindi tena. Jumapili moja alikuja kwetu na mke wake, akamwambia mama, “Mayu, kila asubuhi nikienda kunywa tulikutana barabarani. Ungenitukana ningejua la kukujibu. Wewe ulinisalimia tu.” Ni yeye aliyenifundisha mpaka nikachaguliwa kwenda sekondari, msichana pekee katika darasa letu aliyepata nafasi hiyo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa sijui nikubali kuolewa au kwanza nimalize chuo, nilimwuliza mama alisikia sauti gani kule kwenye mawe.

“Sikusikia sauti,” akasema. “Nilimweleza yote. Siku ya saba nikaona kuna njia inayonitia aibu na njia inayonitisha. Nikachagua ya kunitisha, nikamwomba atembee nami.”

Nilimaliza chuo. Bibi amekwenda, mama naye amekwenda, na pale Mkula hakuna hata mtoto anayejua kuwa palikuwa na uwanja wa kimea. Kwetu huku watu hujivunia ng'ombe waliorithi. Mimi najivunia kuzaliwa na mwanamke aliyeogopa, na bado akaenda.