Tyubu niliyoitupa chooni

Nimemdhulumu mke wangu, na leo amenisitiri.

Wiki iliyopita nilikuta tyubu ya krimu mkobani mwake. Shingo yake nayo ilishaanza kung'aa. Nikajua huo mkorogo.

Sikuuliza. Nikaitupa chooni, kisha nikenda barazani kwetu Gando nikawaambia kaka zake, "Dada yenu anajichubua uzeeni!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Leo nimempeleka hospitali Wete. Shingo imevimba, inatoa usaha.

Daktari akauliza, "Bi Asha, ile dawa niliyokupa hukutia?"

Daktari akaisogelea shingo, akaichungua.

"Pumu yako ya ngozi imeingia vijidudu. Krimu ile ina dawa mbili ndani, moja inatuliza muwasho, moja inaua vijidudu. Ungetia siku chache tu, ungepona."

Mke wangu akanitazama mara moja.

"Nimeipoteza, daktari."

Akagombezwa kama mtoto, ndipo akaandikiwa nyengine. Mimi nimekaa pale pale nimemshikia mkoba.

Tulipotoka nikamuuliza, "Mbona hukunisema?"

"Niliiona chooni, lakini ungeaibika, baba Khamis. Mmoja kuaibika yatosha."

Tangu hapo sihisi kitu. Chai imepoa mbele yangu, naitazama tu.

Nyie mngefanyaje pale? Niambieni, hata mkinitukana.

Ijumaa hii tukitoka msikitini nitasimama baraza ile ile, niseme kwa sauti kwamba Asha hajichubui, anaumwa, na dawa yake niliitupa mimi.

Mashemeji, mliocheka siku ile, njooni nyote.