Sponji ya Baba Neema

Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mtaa wa Bugolobi, alasiri, jua likiwaka. Nani alikwambia wafu wanangoja usiku?

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa fundi wa matangi ya samaki pale Katwe. Vita tulivyovikimbia kwetu Kongo havikumuua. Aliyemuua ni Kato, mwenzake wa kazi, na jina lake nalitaja asikie. Sisi tulikuwa na desturi: kabla hujatia mkono majini, unauliza, "Umechomoa?" Mwenzako anachomoa plagi ya pampu, ndipo anajibu. Siku ile Kato alijibu "Nimechomoa" huku anacheka kwenye simu, hajagusa kitu, na pampu ilikuwa imepasuka. Nilimshika mume wangu nimvute, umeme ukanirusha ukutani. Nilipoamka nilikuwa mjane. Kato anakunywa bia yake mpaka leo.

Kazi nikairithi. Ndipo akaniita Hajati wa Bugolobi. Alikuwa amenunua mjini filta kubwa yenye nguvu, samaki wake wadogo wakawa wanazungushwa kama nguo kwenye mashine. Nikamwambia tangi dogo linataka filta ya sponji tu, ile inayovuta maji polepole. Nikamfungia. Halafu nikatoa kwenye ndoo sponji ya zamani, aliyoikata Baba Neema kwa kisu chake. Tangu afe nilikuwa naitunza ndani ya tangi langu.

"Mama Neema, huo uchafu unaniletea wa nini?"

"Ndio uhai wenyewe, Hajati. Humu mna vijidudu, macho hayavioni, vinakula mavi ya samaki. Maji mapya hayana."

"Haya, karibisha wageni wako. Lakini mimi siwapikii!" Akashuka kupokea watoto wa shule.

Nikabaki peke yangu, nikaikamua ile sponji. Maji yakawa kama chai. Yalipoanza kutulia, niamini, upande wa pili wa kioo alikuwa amesimama Baba Neema. Shati lake la kazi, gundi imemkaukia vidoleni. Sikuogopa. Ningeogopaje, mtu niliyelala nikimwomba Mungu anionyeshe hata kivuli chake?

Akatia mkono majini, akaufungua. "Leta mkono, mama."

Sauti yake kabisa. Mkono wangu ukaenda, ukafika ukingoni mwa kioo. Mdomo ukauliza wenyewe, kwa mazoea:

"Umechomoa?"

Hakujibu. Aliniangalia, jamani, aliniangalia kama mtu mwenye njaa, kisha akainamisha macho. Baba Neema hakuwahi kunidanganya, na kufa hakukumfundisha uongo. Nikageuka. Ile filta kubwa ilikuwa bado imo majini, plagi iko ukutani, waya umechubuka hadi shaba inaonekana. Nikachomoa. Nilipoinua macho, kulikuwa na samaki tu.

Sponji nikaiacha pale ili tangi lipone, na mimi nipate sababu ya kurudi. Niliporudi, Hajati alinipokea kwa furaha. "Nimekusaidia kazi! Nimeifua kwa sabuni ya unga, tazama ilivyo nyeupe!" Samaki wote walikuwa wanaelea. Nikaikamua, nikaikamua tena. Povu tupu. Kato aliniulia mume mara ya kwanza, Hajati mara ya pili, na huyu alingoja nimshukuru.

Tangu hapo nimekamua sponji za watu Mbuya, Bugolobi, kote. Maji yanachafuka, yanatulia, hakuna mtu.

Basi wewe unayefuga samaki, sponji isuuze kwa maji uliyochota kwenye tangi lenyewe, sabuni iache kwa nguo zako. Na siku ukiitwa na mtu wako aliyekufa, chomoa kwanza, hata kama ataondoka. Ataondoka, nakwambia. Mimi nilirudisha mkono wangu, niko hai, na mkono wenyewe mpaka leo ni wa baridi. Nauweka kifuani, naufunika blanketi. Haupati joto.