Mchango wa Machela

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Jumatano, jirani alinigongea mlango akasema mama yake anashindwa kupumua na machela imeshatolewa. Kijijini kwetu, upande wa Ntobeye, wito huo haukujadiliwa. Machela ilikuwa kitanda cha miti na kamba, na kila nyumba ilipaswa kutoa mwanamume wa kuibeba. Kwa safari ya mbali walihitajika wanane, wanne wabebe na wanne wapumzike. Asubuhi ile tulipatikana wanne tu. Wengine walikuwa wameshuka kusubiri lori la kuwapeleka kwenye makambi ya wakimbizi, ambako siku hizo kila mwenye nguvu au cheti alitafuta kazi. Tulibeba bila wa kutupokea, tukiitua machela kila tulipoishiwa pumzi. Mama yule alikata roho kabla hatujafika barabara ya lami.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata barua ya kazi: karani wa ghala la mahindi kambini, mkataba wa miezi sita, shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Mshahara huo ulikuwa na kazi moja. Marehemu baba, alipokuwa mgonjwa, aliweka rehani nusu ya kibanja chetu, migomba na kahawa, kwa shilingi elfu sitini. Aliyekishika alikuwa mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga. Muda wa kukikomboa ulikuwa unaisha mwezi uleule ambao mkataba wangu ungeisha. Tangu makambi yajae, maharage na kuni vilikuwa vimepanda bei, na nyumbani tulikuwa saba. Nilipiga hesabu mara kadhaa na kila mara nilipata jibu lilelile: naweza kuweka elfu kumi kwa mwezi, hakuna zaidi.

Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Hakuna aliyewalaumu waziwazi wafanyakazi wa kambini. Bibi mmoja tu ndiye aliyesema mabega yao yamelainika kama ndizi mbivu, basi watoe hela tukodi gari. Watu walicheka, na papo hapo wakakubaliana kuwe na mfuko wa kukodi pikapu ya wagonjwa. Ikabaki kuamua nani atoe kiasi gani.

Mwenyekiti alitaka kila nyumba itoe sawa. Nilipinga. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, na kwa miaka mingi kodi ya maendeleo ilikuwa imenikera: kijana anayelima vibarua na mwenye duka walidaiwa kiasi kilekile, ila kijana ndiye aliyejificha migombani mgambo walipopita.

"Kila mtu atoe kwa kadiri ya alicho nacho," nilisema. "Mwenye kingi atoe kingi."

Niliamini hivyo, na mpaka leo naamini.

"Sawa, msomi," mwenyekiti alisema. "Tutajuaje nani ana nini?"

Mwenye kingi kuliko sote alikuwa ameketi pembeni, yule mfugaji, na kundi lake lilikuwa likijaza bonde zima. Lakini kuhesabu ng'ombe wa mtu mbele ya watu ni kumtakia wafe, na kumuuliza idadi yao ni vilevile. Mshahara ndio mali pekee iliyotajika kwa tarakimu bila kumuudhi mtu. Ikaamuliwa hivi: asiye na mshahara atoe shilingi mia mbili kwa mwezi, mwenye mshahara atoe sehemu ya kumi. Mfugaji akawa wa mia mbili.

Bibi alinigeukia. "Na wewe, mwanangu, si unaanza kesho?"

Nilijibu kwamba naanza kesho. Wanaokubali walipoambiwa wanyooshe mikono, nilinyoosha wangu. Kuomba nisamehewe kungekuwa kula maneno yangu kabla hayajapoa. Kusema ng'ombe wahesabiwe kungekuwa kumtukana mtu aliyeshika shamba letu.

Kila mwisho wa mwezi mweka hazina alitusubiri pale lori lilipotushusha. Nilimpa elfu tatu, nikabaki na saba za kuweka. Niliacha sukari, nikaacha kununua mafuta ya taa, nikawa nasoma mchana wa Jumapili tu. Nilichookoa huku kililiwa na bei za sokoni kule. Pikapu ilikodiwa mara tatu. Mara ya pili ilimpeleka mjamzito, akarudi na mtoto, na jioni nilikuwa nasikia kilio chake ng'ambo ya migomba yetu. Nilifurahi kukisikia. Elfu saba zilibaki kuwa elfu saba.

Mkataba ulipoisha hawakuuongeza. Siku ya mwisho ya rehani nilikwenda kwa mfugaji, nikampa shikamoo, nikaweka fedha mbele yake na kuomba miezi miwili ya kutafuta zilizobaki. Alisikitika, akasema haiwezekani. Mwanawe anaoa, wakwe wameshaonyeshwa shamba, na uwanja wa nyumba umeshapimwa. Kisha akaniuliza ilikuwaje nipungukiwe, na mshahara nilikuwa nao. Nilimkumbusha mchango wa machela, elfu tatu kila mwezi kwa miezi sita.

Alizichezea noti zangu.

"Mimi ningetoa dume," alisema. "Siku ileile."

"Mzee, tusingeweza kuhesabu ng'ombe wako."

"Nani kakwambia uhesabu? Ungeniambia nitoe."

Dume moja lingelipa pikapu zote tatu na chenji ingebaki. Hilo tulilijua wote wawili. Alizikunja noti akanirudishia, akatuma mtu aniletee maziwa, nikayanywa nimesimama. Nilipita kando ya kahawa ya baba bila kuingia, mfukoni nina elfu arobaini na mbili. Zilizopungua zilikuwa elfu kumi na nane.