Gitaa Lililokataa Kurudi kwenye Sauti

Wanamuziki walimwita Springi, jina alilobandikwa ujanani kwa sababu hakuweza kupiga gitaa jukwaani bila kurukaruka. Magoti yalipogoma, akaingia kwenye ufundi wa magitaa. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya umeme: meza moja, taa ya kuinama, magitaa yaliyotundikwa ukutani kwa shingo, na kiti cha pili ambacho tangu mkewe afariki kilikuwa kimegeuka kabati la makopo ya skrubu.

Watoto wake wote walikuwa mbali. Walipiga simu, walituma picha za wajukuu, wakaaga. Wateja nao walikuwa wa kuacha gitaa mlangoni na kupotea. Kuna siku alifunga kazi akagundua kwamba neno pekee alilotamka tangu asubuhi ni "karibu", na alimwambia paka, ambaye naye hakuingia.

Ndipo akaja mama mmoja mpiga solo, gitaa la umeme mgongoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu ana nini?"

"Huu mkono wake wa chuma, unaotikisa daraja la nyuzi. Nikiubonyeza, sauti inashuka vizuri, inalia. Nikiuachia, hairudi ilikotoka. Naomba uligongee kipande cha mbao kwa nyuma, daraja lisicheze tena. Basi."

"Kwani zamani lilikuwa likirudi?"

"Zamani mume wangu ndiye aliyekuwa akilitengeneza." Akatazama pembeni. "Tulikuwa tukipiga pamoja. Sasa ana bendi nyingine, na nyumba nyingine."

Springi hakuchimba zaidi. Akaondoa makopo kwenye kiti, akakipangusa kwa kiganja. "Kaa kwanza. Mbao tutaiweka tukishindwa."

Alifungua kifuniko cha nyuma. Ndani kulikuwa na springi fupi zilizonyooshwa kati ya daraja na kipande cha chuma kilichoshikwa na skrubu mbili. Akamweleza: nyuzi zinalivuta daraja kwa mbele, springi zinalivuta kwa nyuma, zikivutana sawasawa, daraja linaelea limenyooka. La huyu mama lilikuwa limeinuka kama mkia wa bata. Isitoshe, ncha linazoegemea zilikuwa zimeshika kutu, kwa hiyo kila likitikiswa liling'ang'ania. Akazisafisha, akatia tone la mafuta, akasugua risasi ya penseli kwenye vijifereji zinamopita nyuzi shingoni, akafunga nyuzi mpya.

Kisha ikaja kazi yenyewe ya kuchosha. Ukikaza uzi mmoja, daraja linainuka kidogo na nyuzi nyingine zote zinalegea. Ukikaza skrubu za nyuma, daraja linashuka, nyuzi zote zinapanda sauti. Unaanza upya. Alipofika kwenye uzi mwembamba kabisa, Springi akasita.

"Huu nisikilizie wewe. Sikio langu la kushoto limestaafu bila kuniaga."

Hakuwahi kumwambia mteja jambo hilo. Mkewe ndiye aliyekuwa akimsikilizia. Baada ya msiba alibaki na kipimo kidogo cha betri, ambacho kilimwambia kama sauti iko juu au chini, lakini hakikumwambia kama uzi unakwaruza.

Wakagawana kazi. Mama alikaza nyuzi, kichwa ameinamisha. Springi aligeuza skrubu kwa bisibisi, kidogo kidogo. Hawakuongea ila "panda", "shuka", "hapo hapo".

"Kidogo tena, Mama Watoto," Springi akasema.

Bisibisi ikasimama. Hivyo ndivyo alivyomwita marehemu mkewe, humohumo chumbani. Uso ukamwaka.

Mama hakuinua macho. "Hivi?" akauliza, akageuza kifunguo cha uzi kidogo tu.

"Hivyohivyo," Springi akasema, akairudisha bisibisi kwenye skrubu.

Walipomaliza, mama aliunganisha waya kwenye spika, akapiga, akabonyeza mkono mpaka sauti ikazama, akauachia. Ikarudi mahali pake. Akarudia kwa fujo, kama mtu anayetafuta ugomvi. Ikarudi. Akacheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko. Springi akajifanya anatafuta kifuniko.

Alipoondoka, Springi alimpigia mwanawe wa kwanza.

"Kuna tatizo, baba?"

"Hakuna. Nimekupigia tu."

"Niko kwenye kikao. Nitakupigia."

Alipiga kweli, kesho yake, akiwa anaendesha gari.

Siku hizi mteja akija, Springi humwambia wazi: "Kaa kidogo, unisaidie sikio." Wachache hukaa. Wengi wana haraka. Huacha gitaa na namba ya simu, huenda zao. Yule mama alirudi mara chache kubadilisha nyuzi, kisha akapata kazi kwenye bendi ya mji mwingine. Habari hizo Springi alizipata kwa mpiga ngoma mmoja.

"Anapiga vizuri huko?"

"Sana."

"Na lile daraja?"

"Daraja gani, mzee?"

"Basi, si kitu," Springi akasema, akaendelea kufunga nyuzi.