Forodhani ya Matrah

Enzi zetu hakuna mtu aliyekuja Maskati kutembezwa. Waliokuja walikuja kuishi, kama sisi, na masanduku yao, mbuzi zao za kukunia nazi na Kiswahili chao. Mji wenyewe ulikuwa bado unajengwa. Ukitoka Ruwi kidogo tu unakutana na mawe matupu. Siku hizi nyumba yangu haikosi mgeni. Akitoka wa Unguja anaingia wa Dar es Salaam, na mimi, mstaafu ninayedhaniwa sina la kufanya, ndiye dereva. Mzunguko huu nimeshaujua kwa magoti: asubuhi Msikiti Mkuu, kisha jumba la opera, kisha pwani ya Kurum, kisha Riyam kwenye chetezo kile kikubwa kilichojengwa juu ya kilima, halafu soko la Matrah kununua ubani na halua. Wageni wangu wakishuka garini wanapiga picha, wakipanda garini wanazitazama zile picha, na chetezo chenyewe sijui kama wamekiona. Nimechoka, wallahi, ila mgeni hafukuzwi.

Tunamalizia ukingoni mwa bahari pale Matrah, mahali ambapo dunia nzima inapaita Kornishi. Wao wanatembea, mimi nakaa kwenye benchi nipumzishe miguu. Jina hilo la Kornishi sikulijua mpaka nilipofika darasa la tatu. Kwetu sisi paliitwa Forodhani.

Mama yangu alikuwa na Maskati yake mwenyewe. Tulipofika, mimi nina miaka sita na kaka yangu Salum minane, aliitazama milima ile mikavu akanyamaza siku tatu. Siku ya nne akaanza kugawa majina ya kwao Unguja. Maduka ya Hamriya yakawa Darajani, kwa sababu huko ndiko alikopata kanga. Pwani ya Kurum ikawa Bububu. Wattaya tulikokaa, siku hizo nyumba chache na vumbi tele, wala hakuna haya maduka ya magari yanayong'aa, akapaita Ng'ambo. Baba alimcheka sana, lakini mwezi haukwisha naye akawa anaaga asubuhi kwamba anapita Darajani mara moja. Sisi watoto hatukuona ajabu. Tulidhani ndiyo majina yenyewe.

Siku ya Forodhani ilikuwa Ijumaa baada ya laasiri. Baba alikuwa na pikapu ya kazini, nasi tulipanda nyuma, tukakalia mkeka ili bati lisituunguze mapaja. Mama alikaa mbele na chupa ya chai ya tangawizi mapajani, na bakuli la kachori lililofungwa kwa kitambaa. Kununua chakula njiani hakutaka hata kusikia. Alisema mtu mwenye jiko hali vya watu. Tukikaribia Matrah ilianza kutupiga harufu ya samaki kutoka sokoni, kisha ikaja ya ubani kutoka madukani, na mpaka leo nikizinusa pamoja nahisi njaa. Tulitandika mkeka karibu na reli ya chuma iliyozuia watu wasiangukie baharini. Salum alihesabu meli, mimi nilicheza mdako kwa vijiwe, na tulipochoka tulilala kifudifudi kutazama visamaki vikigombea makombo yetu ya mikate ya kumimina.

Baba hakukaa nasi moja kwa moja. Akishatushusha husema anakwenda kutafuta pa kuegesha gari. Nafasi ilikuwa tele, ungeweza kuegesha ngamia hamsini, lakini yeye alikuwa na wenzake wa soga kule sokoni, na Mama alijua. Kila Ijumaa Mama aligeuza shingo akatazama barabara na kusema, "Baba yenu mbona haji? Chai inapoa." Naye alikuja baadaye sana, anacheka peke yake, na njugu ndani ya karatasi ili asigombezwe.

Ilikuwa darasa la tatu ndipo nilipoaibika. Mwalimu wa Kiarabu alituambia tuandike insha juu ya mahali tulipotembea siku ya mapumziko. Niliandika ukurasa mzima kuhusu Forodhani, kwa herufi nilizozipamba, na samaki nikawachora pembeni. Mwalimu akaniuliza Forodhani iko wilaya gani. Nikasema Matrah, ustadha, pale penye reli. Darasa zima likacheka, na karatasi ikarudi na wino mwekundu: mahali hapa hapapo. Nililia njia nzima. Mama alikuwa anapepeta mchele, wala hakuacha kupepeta. Aliniambia, "Mwache mwalimu wako. Atakayekuwa wetu atakufahamu."

Haukupita muda nikaona kwa macho yangu. Ijumaa moja Baba alikuwa na homa, na Mama hakuwa tayari kuikosa siku yake, akatupakia kwenye teksi ya rangi ya chungwa na nyeupe. Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na sala. Akamwambia dereva neno moja tu, Forodhani. Mimi nikajificha kwenye buibui lake kwa aibu. Dereva, mtu mwenye kanzu safi na kofia ya Kiomani, hakuuliza kitu. Aliendesha mpaka Matrah, akasimama penye reli yetu hasa, kisha akasema kwa Kiswahili cha Bujumbura alikozaliwa kwamba ndiyo hapa, mama. Unguja hakuwahi kufika maisha yake yote. Alisema jina kafundishwa na abiria, kila akipakia mtu wa Kiswahili siku ya Ijumaa huambiwa hivyo hivyo. Mama alimpa kachori nne, na mimi nilirudi shuleni Jumamosi kichwa juu ingawa sikumwambia mtu.

Abiria wale wengi tumeshawazika. Watoto wetu wanasema Kornishi, na wajukuu hawasemi kitu, wanatumiana lokesheni. Binti wa Salum aliwahi kuandika Forodhani kwenye simu yake ili anioneshe kuwa nimekosea, simu ikamwelekeza avuke bahari. Hawa ndio wanaotuambia sisi tumepitwa na wakati, na simu ikizima hawajui njia ya kurudi kwao.

Mama yu hai. Umri wake unakaribia tisini, na mengi yamemtoka: Kiarabu chote, alichokula mchana, wakati mwingine jina langu. Lililobaki ni ombi moja, na kwa miaka miwili alilirudia asubuhi na jioni nikimpaka mafuta miguuni. "Nna hamu na Forodhani. Nipelekeni kabla sijafa." Mimi ndiye ninayemlea, mimi ndiye niliyetakiwa nimfahamu. Lakini watu husema mzee akisahau ya karibu hukumbuka ya mbali, na mimi nikaona bila shaka anaitaka Unguja, alikozaliwa. Salum alisita, akasema tumuulize vizuri. Nilimgombeza, nikamwambia mama haulizwi mara mbili.

Basi mwaka jana tukampeleka. Uzito wa safari ile anaujua aliyewahi kusafiri na mgonjwa: kiti cha magurudumu, dawa, nepi, kumwombea asitapike. Tulimfikisha Forodhani jioni watu wamejaa, urojo unachemka, watoto wanajirusha baharini na nguo zao. Nilikuwa nalia kwa furaha. Nilidhani nimelipa fadhila zake zote. Mama akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akanivuta mkono wa buibui.

"Hapa sipo," akasema.

Nikamuuliza ana maana gani, kwani kwa lugha yetu neno hilo lina njia mbili: huenda mahali si hapa, huenda yeye mwenyewe hayupo. Akaniangalia kama mtoto mzito wa kufahamu.

"Nirudisheni Forodhani, mwanangu. Mimi nnataka kwetu."

Salum hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Usiku na mchana uliobaki nilikuwa na hofu moja tu, kwamba Mama atafia njiani na mimi ndiye niliyemchukua kutoka alipopataka.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi nilikaanga kachori, nikajaza chupa ya chai ya tangawizi, nikautoa mkeka juu ya kabati. Wajukuu walicheka mkeka. Matrah tuliikuta imejaa. Meli ya watalii imefunga bandarini, wazungu wanachomwa na jua, vijana wanajipiga picha wameipa kisogo bahari. Salum alitushusha, akaenda kuhangaika na gari, akarudi baada ya muda mrefu anahema. Nilikisogeza kiti cha Mama mpaka kwenye reli. Reli si ile ya zamani. Niliogopa atasema tena lile neno, na nguvu za kusafiri kwingine sina, wala sijui ningempeleka wapi.

Upepo ukaleta samaki, kisha ubani. Mama akanyoosha mkono akaishika reli, akaipapasa.

"Hapa ndipo," akasema.

Nikammiminia chai, nikampulizia isimwunguze. Alikunywa mafunda mawili, halafu akageuza shingo, akatazama barabara.

"Baba yenu mbona haji? Chai inapoa."

Baba tulimzika miaka mingi iliyopita, na Mama mwenyewe alikaa eda. Salum akanitazama mimi nijibu, kama ilivyo kawaida yake. Nikamwambia Mama kuwa Baba anatafuta pa kuegesha gari. Siku hizi Matrah siku ya Ijumaa pa kuegesha hapapatikani kweli, yeye mwenyewe alikuwa anayaona magari yalivyosongamana, kwa hiyo akaniamini. Akasema basi nifunike chupa, tumngoje.